Mfalme hajazikwa, mpwa kashavaa taji: tumlaumu nani kwa kilichotokea Uingereza mwaka 1135?

Ukitaja mapinduzi ya Uingereza ya zamani watu wengi wanakimbilia kwa mfalme Richard III na wale watoto wawili wa kaka yake waliopotelea mnarani London mwaka 1483, na sikatai, ile stori ni tamu. Ila mi naona kama unataka kuelewa jinsi ufalme unavyochukuliwa mchana kweupe, kila mtu anaona, kila mtu alishaapa kwamba hatokubali, na bado kila mtu anajikuta ana sababu yake ya kunyamaza, basi rudi nyuma kama miaka 350 hivi uangalie Desemba 1135. Mfalme Henry I kafa tarehe 1. Tarehe 22 mpwa wake Stephen keshavishwa taji Westminster. Mwili wa mjomba mtu bado uko Caen kule Normandy (ng'ambo ya bahari, Ufaransa ya leo, ambako nako alitawala) unasubiri upepo mzuri meli ivuke, hakuzikwa mpaka Januari, na kwenye mazishi pale Reading nani alikuwa mmoja wa waliojitwisha jeneza? Stephen huyo huyo.

Mrithi aliyetajwa na baba yake, aliyeapiwa na maaskofu na mabwana wakubwa wa nchi tena zaidi ya mara moja, alikuwa Matilda, binti wa mfalme.

Maelezo unayokutana nayo kila mahali ni mawili. Kwanza kwamba Stephen alikuwa mwizi na mvunja kiapo. Pili kwamba Matilda alikataliwa kwa kuwa ni mwanamke, basi, faili limefungwa. Yote yana ukweli ndani yake lakini yanamwacha mtu mmoja anapita pembeni bila kuguswa, na huyo ndo mi ningemshika wa kwanza, marehemu Henry mwenyewe. Huyu mzee alitaka nchi imfuate binti yake kwa nguvu ya kiapo wakati yeye aliingia madarakani kwa nguvu ya mbio.

Ilikuaje? Agosti 2, 1100, kaka yake mfalme William Rufus alipigwa mshale kwenye msitu wa New Forest wakiwa kwenye kuwinda, na mpaka leo watu wanabishana kama ilikuwa ajali au mtu alitumwa. Henry alikuwemo kwenye msafara huo. Hakukaa kulia, alipiga farasi moja kwa moja mpaka Winchester kwenye hazina ya ufalme. Mtawa mmoja mwanahistoria, Orderic Vitalis, anasimulia kwamba pale akatokea bwana mmoja, William de Breteuil, akamkumbusha kwamba wote wawili walishamuapia Robert, kaka mkubwa, na kwamba Robert yuko njiani anarudi kutoka vita vya msalaba kwahiyo tumsubiri. Henry akachomoa upanga, mjadala ukaishia hapo. Agosti 5, yaani siku tatu tu, akatawazwa Westminster. Robert kurudi kakuta kiti kina mtu, wakazozana weee, mwaka 1106 Henry akampiga vitani Tinchebray akamfunga, na yule kaka hakutoka tena mpaka anakufa Cardiff mwaka 1134. Miaka 28 ndani!

Kwahiyo kila bwana mkubwa Uingereza alikuwa anaijua fomula. Wahi hazina, wahi askofu, vaa taji, maswali yatajibiwa baadaye. Fomula hiyo hawakuisoma kwenye kitabu, walikuwa wanaiona imekaa mbele yao kila sikukuu imevaa taji.

Tatizo la urithi lenyewe lilianza usiku wa Novemba 25, 1120. Henry alikuwa na watoto wa nje zaidi ya 20 (hapo mzee hakuwa na mchezo) ila mtoto wa kiume wa ndoa alikuwa mmoja tu, William, kijana wa miaka 17. Wakitoka Normandy kurudi Uingereza kijana akapanda na wenzie meli mpya iliyoitwa White Ship pale Barfleur, watu kama 300 humo ndani, wengi wao vijana wa familia kubwa, pombe ikamwagwa mpaka kwa mabaharia, wakaondoka usiku wakitaka kuipita meli ya mfalme iliyotangulia, wakagonga mwamba hata hawajafika mbali. Anayetajwa kunusurika ni mchinja nyama mmoja wa Rouen. Na sasa sikia hii, Orderic huyo huyo anasema Stephen alikuwa ameshapanda ile meli akashuka dakika za mwisho kwa sababu tumbo lilikuwa linamuendesha. Miaka 19 ya utawala wa vurugu imebebwa na tumbo la mtu mmoja, ukitaka kulitazama hivyo.

Henry akaoa upya haraka haraka, Adeliza wa Louvain, mtoto hakupatikana. Akabaki na Matilda. Na huyu Matilda msimchukulie kama binti wa ndani asiyejua dunia. Alipelekwa Ujerumani akiwa na miaka 8, akaolewa na Kaizari Henry V mwaka 1114, akakulia kwenye mambo ya dola kubwa kuliko ya baba yake, na mpaka anakufa alipenda kujiita Kaizarina. Mume akafariki 1125, hawana mtoto, baba akamwita arudi.

Januari 1, 1127 ndo kikafanyika kile kiapo. Wakubwa wote wakakusanywa mbele ya mfalme waape kwamba ikiwa atakufa bila mtoto wa kiume watamkubali Matilda awatawale. Kwa upande wa watu wasio wa kanisa aliyeapa wa kwanza ni David mfalme wa Scotland, mjomba wake Matilda. Alafu ukazuka ubishi nani anafuata. Robert wa Gloucester, mtoto mkubwa wa nje wa mfalme, akataka aape kabla ya Stephen, Stephen akasema haiwezekani, mimi mtoto wa dada wa mfalme, mtoto wa ndoa, natangulia mimi. William wa Malmesbury, aliyeandika haya enzi hizo hizo, anasema Stephen akashinda ubishi. Fikiria hiyo picha kidogo. Mwanaume amegombania nafasi ya kuwa wa mbele kwenye foleni ya kumuapia mtoto wa mjomba wake, alafu miaka 8 baadaye akawa wa mbele pia kwenye kumnyang'anya.

Ila hapa ndo nataka tuangalie vizuri maana hapa ndo Henry alipoharibu. Kiapo peke yake hakikuwa cha kipuuzi, watu wa wakati ule walikuwa wanaogopa kuapa uongo kuliko sisi tunavyoogopa. Lakini mwaka mmoja na nusu baadaye, Juni 1128, Henry akamuozesha Matilda kwa Geoffrey wa Anjou, kijana wa miaka 14, bibi harusi ana 26. Tofauti ya umri muiache, kubwa ni Anjou. Anjou na Normandy walikuwa majirani wasiopikika chungu kimoja, wamepigana mpakani vizazi kwa vizazi, na hao mabwana walioapa wengi wao ni Wanormani wenye mashamba na ngome pande zote mbili za bahari. Kwahiyo mtu aliyeapa kumpokea binti wa mfalme ghafla anaambiwa anayekuja na binti ni adui wa babu yake. Roger, askofu wa Salisbury, aliyekuwa mtu wa pili baada ya mfalme kwenye uendeshaji wa serikali, baadaye alikuwa anasema waziwazi kwamba yeye aliapa kwa sharti kwamba Matilda asiozwe nje ya nchi bila wao kushirikishwa, kwahiyo kiapo kimekufa. Kama sharti hilo kweli lilikuwepo ama alilitunga baadaye ni jambo lingine, lakini tayari ameshapewa mlango wa kutokea na aliyempa ni mfalme.

Mwaka 1131 Henry akawaapisha tena pale Northampton. Mi huwa najiuliza, ukiona unahitaji kurudia kiapo si ina maana mwenyewe hukiamini?

Kosa la mwisho ndo kubwa kuliko yote na ndo halisemwi sana. Kwenye mapatano ya ndoa kulikuwa na ngome za mpakani mwa Normandy ambazo Geoffrey na Matilda walikuwa wanazidai, ziwe mkononi mwao tangu mzee yuko hai. Na ukitazama kwa akili ya siasa lilikuwa ni dai la maana kabisa, mtu anayetaka kurithi anahitaji kuwa na sehemu pa kusimamia siku baba akifumba macho. Henry akakataa. Hakutaka kugawana madaraka hata robo. Mwaka 1135 ugomvi ukawa wa wazi, mkwe anapigana na mkwe, Matilda kaegemea kwa mumewe, na katikati ya ugomvi huo Henry akala samaki anayeitwa lamprey, anafanana na mkunga, ambaye daktari alishamkataza, akaugua, Desemba 1 akafa Lyons-la-Forêt. Yaani mrithi amefiwa na baba yake wakiwa hawasemezani, yeye yuko upande wa Anjou, hana ngome ya maana Normandy, hana ufunguo wa hazina, hana askofu hata mmoja aliyekaa mkao wa kumsubiri. Na alikuwa na ujauzito wa mtoto wa tatu. Alichoweza kufanya ni kuingia Normandy kusini na kushika zile zile ngome za ugomvi, Argentan, Domfront na Exmes, na akabaki huko.

Stephen alikuwa wapi? Boulogne, kwa mkewe, ng'ambo tu ya Dover, unavuka kwa siku moja. Habari kumfikia na yeye kuingia chomboni ni kitu kimoja.

Na hata hivyo hakupokewa kwa maua kila mahali. Dover walimfungia lango, Canterbury vilevile, miji hiyo ilikuwa na watu wa Robert wa Gloucester. Akapita zake mpaka London. London ndo wakampokea, wakadai wao wana haki ya zamani ya kuchagua mfalme, na haki hiyo sijui walikuwa wameiweka kabati gani miaka yote ile, lakini wafanyabiashara walikuwa na hesabu zao, Boulogne ya mke wa Stephen ilikuwa ndo mlango wa biashara yao na upande wa pili wa bahari. Wakakubaliana, yeye atalinda amani yao na wao watampa sapoti.

Alafu Winchester. Askofu wa Winchester ni nani? Henry wa Blois, mdogo wake Stephen wa tumbo moja, tajiri kupindukia, ana uaskofu na huku anaendelea kuwa mkuu wa monasteri ya Glastonbury. Huyu ndo injini ya mpango mzima kwa maoni yangu, Stephen alikuwa sura tu. Askofu akamlainisha mtunza hazina, William Pont de l'Arche, ambaye mwanzo alikuwa anasita, na Roger wa Salisbury naye akaja upande wao, funguo zikatoka. William wa Malmesbury anataja kwamba ndani mlikuwa na kama pauni 100,000, mali ya marehemu mfalme Henry ya kubana matumizi miaka 35. Huyo mzee alimlimbikizia binti yake pesa zikaenda kulipia askari wa kumzuia binti yake.

Kikabaki kikwazo kimoja, Askofu Mkuu wa Canterbury, William de Corbeil, mzee wa watu, anaogopa kiapo. Bila yeye hakuna kupakwa mafuta, na ukishapakwa mafuta wewe ni wa Mungu, kukutoa ni dhambi nyingine. Basi akaletwa Hugh Bigod, msimamizi wa nyumba ya mfalme, akaapa kwamba mfalme akiwa kitandani anakufa aliwafungua watu wote kiapo chao kwa Matilda na akamtaka Stephen. Upande wa Robert wa Gloucester, ambaye na yeye alikuwepo mzee anapokata roho, ukasema kinyume kabisa. Ila Robert alikuwa Normandy na Hugh alikuwa mbele ya askofu. Mliopitia migogoro ya mirathi mnaijua hii, kila msiba una mtu mmoja aliyenong'onezwa na marehemu wengine wote wametoka nje. Kiapo kikafuta kiapo. Mdogo mtu akaongeza dhamana yake binafsi kwamba Stephen ataliheshimu kanisa na uhuru wake, askofu mkuu akalegea.

Kichekesho ni kwamba wakati huo huo kule Normandy mabwana walikuwa wamekutana wanamuomba Theobald, kaka mkubwa wa Stephen, awe mtawala wao. Habari ikafika kikaoni kwamba mdogo wako keshatawazwa. Theobald akakasirika, wale mabwana wakamwambia samahani mkuu, hatuwezi kuwa na mabwana wawili, mashamba yetu yako pande zote. Hapo unaona kwamba hata kama hoja ilikuwa "tunataka mwanaume mtu mzima wa ukoo huu" basi Stephen hakuwa wa kwanza kwenye foleni. Alikuwa wa kwanza kufika, basi.

Turudi kwenye suala la uanamke maana najua ndo litaleta maneno. Sisemi halikuwepo. Lilikuwepo, na waandishi wa upande wa Stephen walivyomchora Matilda baadaye unaona kabisa wanamhukumu kwa kiburi ambacho kwa baba yake waliita uimara. Lakini kama sababu ya kisheria mbona lilikuwa jepesi hivyo? Kule León na Castile, Hispania ya leo, Urraca alitawala kwa haki yake kuanzia 1109 mpaka 1126. Yerusalemu, Melisende alitawazwa 1131 akiwa mrithi wa baba yake, na mumewe mnamjua ni nani? Fulk wa Anjou, baba mzazi wa Geoffrey! Yaani baba mkwe wa Matilda alikuwa amekaa kwenye kiti alichokipata kupitia mwanamke. Wakubwa wa Uingereza walikuwa wanazijua habari hizi.

Na ushahidi ninaouona una uzito zaidi ni wa mwaka 1139, kesi ilipofikishwa mbele ya Papa Innocent II Roma. Hapo ndo kila upande unatoa silaha zake zote. Watu wa Stephen hawakusimama kusema mwanamke hawezi kutawala. Walisema Matilda si mtoto halali kwa sababu mama yake alikuwa mtawa aliyetolewa monasteri akaolewa, na walisema kile kiapo kilichukuliwa kwa nguvu, na kwamba mfalme alibadili mawazo mwishoni. Hoja ya mama ilikuwa ya kukwangua chini ya sufuria kwa kweli, maana mama mtu alilelewa kwenye monasteri na shangazi yake mtawa lakini suala hilo Askofu Mkuu Anselm alilichunguza mwaka 1100 kabla ya ndoa akaruhusu. Papa hakutoa hukumu, aliacha mambo kama yalivyo na Stephen akabaki mfalme. Ila ona walichochagua kukisema. Kama uanamke ungekuwa karata ya ushindi wangeitupa pale mezani.

Sasa kwanini huyu aliyefuata fomula ile ile ya Henry, tena kwa usafi zaidi bila damu, akashindwa kuishika nchi? Jibu langu ni kwamba Henry mwaka 1100 alichukua kwanza akaahidi baadaye, Stephen aliahidi ndo akapewa. Kila aliyemsaidia alikuwa ameshika hati ya deni. London ina deni lake. Kanisa lina deni lake, na Aprili 1136 alilitolea hati ndefu ya ahadi pale Oxford. Robert wa Gloucester akaja mwezi huo huo akamkubali lakini kwa masharti, nitakuheshimu ilimradi na wewe uheshimu nafasi yangu, hilo ni tamko la mtu anayesubiri sababu, na mwaka 1138 akaipata akajitoa. Ahadi ni deni, na huyu bwana alikuwa amekopa kwa kila mtu wakati mmoja.

Tena kwa tabia alikuwa mtu mwema, na ubaya wake ulikuwa hapo. Mwaka 1136 walioasi Exeter aliwazingira miezi, maji yakawaishia, wakatoka, akawaachia waende zao. Hugh Bigod, yule yule wa kiapo, mwaka huo huo alisikia uvumi kwamba mfalme kafa akakimbilia kushika ngome ya Norwich, alipoambiwa mfalme mzima akagoma kutoka mpaka Stephen aende mwenyewe. Akasamehewa. Mabwana wakaiona hiyo.

Alafu akagombana na waliomtengeneza. Mdogo wake askofu alitegemea kupewa Canterbury, kiti kilikuwa wazi, mwishoni mwa 1138 Stephen akampa mtu mwingine, Theobald wa Bec. Juni 1139 akamkamata Roger wa Salisbury pamoja na mpwa wake askofu wa Lincoln pale Oxford, akawanyang'anya ngome na mali kwa hofu kwamba watamgeuka. Labda kweli wangemgeuka. Lakini alikuwa ameapa kutowagusa watu wa kanisa, na mdogo wake, ambaye sasa ni mwakilishi wa Papa, ndo aliyeweka dhamana. Agosti mdogo mtu akamuita mfalme kwenye baraza la kanisa ajieleze. Mwezi uliofuata, Septemba 30, Matilda akatua Arundel, akapokelewa na mama yake wa kambo Adeliza, na Stephen, mtu wa ajabu huyu, badala ya kumkamata akampa msindikizaji mpaka Bristol kwa kaka yake Robert. Wanaomtetea wanasema ilikuwa aibu kumzingira mwanamke aliye kwa mjane wa mfalme. Mi naona ilikuwa ni ile ile tabia ya kutaka kila mtu amuone muungwana.

Vita vyenyewe sitavipitia kimoja kimoja, ngome hii inachukuliwa ile inarudishwa. Kikubwa ni Februari 2, 1141 pale Lincoln, Stephen akatekwa akiwa anapigana kwa miguu, akafungwa Bristol, baadaye na minyororo. Mdogo wake askofu akavuka upande (ndiyo, huyo huyo), Aprili akaitisha baraza Winchester, Matilda akakubaliwa kuwa Bibi wa Waingereza, ikabaki kutawazwa tu. Akaingia London Juni.

Na hapa Matilda naye alionesha kwamba ni mtoto wa baba yake. Watu wa London wakamwendea wakamuomba sheria za mfalme Edward wa zamani, za baba yako zilitubana. Yeye akawadai fedha nyingi, akawakumbusha kwamba pesa zao walimpa Stephen. Hoja yake ilikuwa ya kweli, ila huwezi kuwaambia hivyo watu ambao umelala ndani ya mji wao kabla hujavaa taji. Mke wa Stephen, na yeye anaitwa Matilda, alikuwa ng'ambo ya mto Thames na askari wake wa kukodi anachoma mashamba ili mji ujue gharama. Juni 24 Matilda yuko Westminster anakaribia kukaa mezani kula, kengele za mji zikalia zote, watu wakamiminika kama nyuki, yeye na watu wake wakaruka kwenye farasi wakaacha chakula mezani, watu wa mji wakaingia wakachukua walichokikuta. Kitumbua kikaingia mchanga siku hiyo hiyo. Hakutawazwa kamwe. Septemba Robert akatekwa wakati wanakimbia Winchester, Novemba wakabadilishana, mfalme kwa kaka, kila mtu akarudi alipoanzia.

Baada ya hapo ni miaka 12 ya nchi kuoza polepole. Mabwana wanajenga ngome bila kibali, wengine wanagonga sarafu zao, watu wa vijijini wanakamuliwa kodi na pande zote mbili, na mtawa wa Peterborough anaandika kwamba watu walisema wazi Kristo na watakatifu wake wamelala. Matilda alitoroka Oxford Desemba 1142 usiku wa theluji akiwa na nguo nyeupe, akavuka mto ulioganda kwa miguu, hiyo kila mtu anaipenda, lakini kisiasa kazi kubwa ilifanywa na mume asiyependwa, Geoffrey, ambaye hakuja Uingereza kabisa, alikaa anaimega Normandy taratibu mpaka Rouen ikaanguka 1144. Wenye mashamba pande zote mbili wakaanza tena zile hesabu zao.

Na 1147 kuna kituko ambacho mi nakipenda kuliko kile cha theluji. Mtoto mkubwa wa Matilda, Henry, miaka 14, akaja Uingereza na kikosi cha kukodi bila kumuaga mtu, akapigwa, pesa ya kuwalipa askari hana. Akamuomba mama, hana. Akamuomba mjomba Robert, akagoma. Akamuandikia Stephen, yaani adui, kwamba mimi ni ndugu yako naomba unisaidie. Stephen akamlipia. Washauri wake wakamlaumu na mi sishangai.

Kijana huyo ndo alirudi Januari 1153, sasa ni mtawala wa Normandy na Anjou na kwa kumuoa Eleanor ana Aquitaine, kusini magharibi mwa Ufaransa ya leo. Stephen alikuwa amejaribu kufunga mlango kwa kumtawaza mwanae Eustace mapema, Papa akakataa, Askofu Mkuu Theobald akakimbia nchi kuliko kumtawaza. Majeshi yakakutana Wallingford, na mabwana wa pande zote wakagoma kupigana, walishajua ushindi kamili wa upande wowote ni hasara kwao. Agosti Eustace akafa ghafla. Novemba wakapatana Winchester, Stephen abaki mfalme mpaka afe, Henry awe mwana wake wa kupanga na mrithi, William mtoto mwingine wa Stephen abaki na mashamba ya familia.

Stephen akafa Oktoba 25, 1154. Henry alikuwa Normandy anazingira ngome, akamaliza kuzingira kwanza, alafu akakaa anasubiri hali ya hewa, akatawazwa Desemba 19. Karibu wiki 8 nchi haina mfalme na hakuna aliyekimbilia Winchester. Sio kwamba watu walikuwa wameokoka. Safari hii mrithi alikuwa ameshashika ardhi, ngome, jeshi na mkataba wakati mtangulizi bado anapumua, vitu vile vile ambavyo babu yake alimnyima mama yake.

Henry huyu naye akajaribu kwenda mbele zaidi, Juni 1170 akamtawaza mwanae yeye mwenyewe akiwa hai. Taji akampa, ngome na mapato akambania. Mwaka 1173 kijana akamuasi baba, na kwenye orodha ya mabwana waliojiunga naye unamkuta mzee mmoja ameshika ngome za Norfolk na Suffolk, Hugh Bigod, yule yule aliyeapa mbele ya askofu mkuu Desemba 1135.